UZI: Namba za kiwanja chako zina kwao. Nchi ilivyopimwa kwa vilima, nyota na picha za ndege

Mzee Vigingi #1

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana mmoja, mpima mwenzangu, yuko huko Dakawa, Morogoro, anahema kama aliyekimbizwa na nyati. Kapewa kazi ya kufufua mipaka ya shamba la zamani. Ramani anayo, koordineti za bikoni zote nane, yaani nguzo za mpaka, anazo. Kaziingiza kwenye GPS, kafuata mshale. Mshale ukamtoa shambani kabisa, ukamvusha barabara, ukamsimamisha katikati ya mpunga wa watu. Mwenye mpunga katoka na jembe, na hakuja kupalilia.

Nikamuuliza swali moja tu: "Ramani yako ni ya datamu gani?" Datamu ni msingi ambao namba zote za ramani zinahesabiwa kutoka kwake: umbo la dunia lililochaguliwa na mahali lilipofungwa.

Kimya. Halafu: "Mzee, si imeandikwa UTM?" UTM ni mfumo tu wa kuigawa dunia kwa kanda na kuandika namba kwa mita, hausemi datamu.

Nikamwambia, toka kwenye mpunga wa watu, omba radhi. Teremka kusini karibu mita 300, kisha sogea mashariki karibu mita 90, halafu chimba. Nusu saa baadaye kanitumia picha: zege la bikoni limezibwa na majani, chuma katikati, herufi zimeliwa na kutu.

"Mzee umejuaje? Umewahi kupima hapa?"

Sijawahi kukanyaga shamba lile. Nina miaka mingi kwenye kazi hii, na uzi huu nauanzisha kwa ajili ya jambo moja: kila koordineti ina kwao. Namba bila kwao ni kama mtoto aliyepotea sokoni anayejua jina lake la kwanza tu. Nitaeleza kwa vipande, maana naandikia simu.

Mchaga Asili #2

Siti ya mbele nishakalia. Shusha nondo mkuu.

Droni Moja #3

Mzee ungesema tu wewe ni mganga tukakuletea kuku 😂

Mzee Vigingi #4

Kuku leteni tu, mambo ya uganga tutajua baadaye.

Tuanze na vilima. Zamani kupima pembe ilikuwa rahisi, kupima umbali ilikuwa mateso. Theodolaiti nzuri inasoma pembe hadi sekunde moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja, ukiwa umekaa kilimani na chai yako kwenye chupa. Umbali unataka utandaze tepu chini, mita kwa mita, kwenye miiba na makorongo. Na tepu ya chuma ni nyoka: jua likipanda inarefuka. Joto likiongezeka nyuzi 10, tepu ya mita 30 inarefuka milimita tatu na nusu. Ukiipuuza, kwenye kilomita 10 umeshapoteza zaidi ya mita moja. Ndiyo maana mwanafizikia Guillaume alipopata invari mwaka 1896, aloi ya chuma na nikeli isiyojali sana joto, wapima walishangilia, na mwaka 1920 mwenyewe akapewa Nobeli ya fizikia.

Kwa hiyo wakubwa walifanya ujanja. Unapima mstari mmoja tu kwa tepu, kwa uangalifu wa kufa mtu, mahali tambarare. Huo ni mstari wa msingi. Kutoka ncha zake mbili unalenga kilima cha tatu, unasoma pembe. Ukijua upande mmoja na pembe zote, hesabu inakupa pande zilizobaki. Pande hizo zinakuwa msingi wa pembetatu inayofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka umevuka nchi bila kutandaza tepu tena, isipokuwa kila baada ya mamia ya kilomita unapopima mstari mwingine ili uone kama hujapotea.

Kwa nini vilimani? Kwa sababu dunia imepinda. Kwa umbali wa kilomita 10 mpindo unakuficha karibu mita 7, hata ukihesabu kwamba hewa nayo inapindisha mwanga kukusaidia. Kwa kilomita 50 ni karibu mita 170. Na usiku ndio muda wa kazi: mchana hewa inacheza juu ya mbuga kama moshi wa jiko, shabaha inatetemeka. Unatuma vijana wanapanda kilima cha mbali na taa, wanalala huko siku nne wakisubiri ukungu uondoke. Mchana wanatumia kioo kukurushia jua.

Kitu kingine kinachowashangaza wanafunzi: darasani pembe tatu za pembetatu zinatoa nyuzi 180. Vilimani zinazidi. Kila kilomita za mraba 200 hivi, inaongezeka sekunde moja, kwa sababu pembetatu yako imelala juu ya mpira. Pembetatu yenye pande za kilomita 50 inazidi sekunde tano na nusu. Mara ya kwanza nilipoliona hilo kwenye karatasi zangu nilidhani nimekosea kusoma, nikarudia usiku mzima. Bosi wangu alicheka mpaka akakohoa.

Kato wa Kabale #5

Mzee, mimi ni Mganda wa mpakani kabisa. Huku babu zetu walikuwa wakisema Wazungu waligombania milima ambayo hawakujua iko wapi. Ni kweli au ni hadithi tu?

Mzee Vigingi #6

Kato, babu zako walikuwa sahihi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliuweka mlima Mfumbiro upande wa Waingereza, wakati nafasi yenyewe ya mlima huo haikuwa imepimwa sawasawa. Kisha wakaupa mpaka wa Kongo meridiani, yaani mstari wa kaskazini-kusini, ya nyuzi 30 mashariki. Mstari mzuri sana kwenye karatasi. Lakini ukisimama kwenye mgomba wa Kabale, nyuzi 30 iko wapi? Nani kaichora kwenye majani? Mzozo ulikwenda mpaka mwaka 1910 ndipo wakakubaliana, na wakaacha kung'ang'ania meridiani tupu, wakafuata milima na mito.

Sasa hapa ndipo nyota zinapoingia.

Latitudo ni rahisi. Unapima jinsi nyota inayojulikana ilivyo juu inapovuka meridiani yako, unatoa, umemaliza. Longitudo ndiyo shetani. Longitudo ni tofauti ya saa kati yako na Greenwich na si kitu kingine. Dunia inazunguka, na sekunde moja ya saa ni sekunde 15 za pembe. Huku kwetu karibu na ikweta, sekunde hiyo moja ni mita 460 na kitu. Fikiria msafara umetoka pwani, kronomita, saa ya kupimia, imebebwa kichwani mwa mpagazi miezi mitatu, imelowa, imeanguka mara mbili. Ikipotea dakika moja tu, mpaka wako umehama karibu kilomita 28. Mpaka ilipokuja telegrafu, kisha redio yenye milio ya saa, longitudo ya bara ilikuwa nusu sayansi na nusu dua.

Na ndiyo maana wakubwa waliamua kutotegemea nyota peke yake. Mwaka 1879 David Gill, mwanaastronomia wa Kepu huko Afrika Kusini, alipendekeza mnyororo wa pembetatu utoke kusini mwa Afrika mpaka Misri, ukifuata meridiani hiyohiyo ya 30. Kipande cha Uganda kilipimwa mwaka 1908 na 1909. Tanganyika, upande wa magharibi, kazi kubwa ilifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1930 chini ya mpima wa Kiingereza, Martin Hotine. Pengo la mwisho lilikuwa Sudan, Wamarekani wakaliziba, na mwaka 1954 mnyororo ukakamilika. Miaka 75 tangu wazo lilipotolewa. Gill mwenyewe alishafariki mwaka 1914.

Mnyororo huo kwa Kiingereza unaitwa arc. Sasa fungua ramani yako ya zamani, pembeni pameandikwa maneno madogo: Arc 1960. Ndio huo. Chanzo chake ni nguzo moja inayoitwa Buffelsfontein, karibu na mji wa Gqeberha, zamani ukiitwa Port Elizabeth. Kwa maneno mengine, kiwanja chako cha Kibaha kimefungwa kamba, na mwisho wa kamba uko Afrika Kusini.

Binti Latitudo #7

Shikamoo mzee. Mimi niko mwaka wa tatu, nasomea upimaji hapa Morogoro. Naomba kuuliza: kama walipima vizuri hivyo, mbona tunapishana na GPS mita 300? Nani alikosea?

Mzee Vigingi #8

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyekosea, na hilo ndilo watu hawaelewi.

Dunia si mpira kamili, basi wapima wanachagua umbo la kuhesabia, elipsoidi. Arc 1960 inatumia umbo la Clarke la mwaka 1880, lenye nusukipenyo cha ikweta mita 6,378,249. GPS inatumia WGS84, mita 6,378,137. Tofauti mita 112. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni kwamba umbo la GPS limewekwa kitovu chake kwenye kitovu cha dunia, setilaiti zinakijua. Lile la Clarke liliwekwa kwa kulibandika juu ya ardhi, kwa timazi (uzi wenye uzito unaoning'inia) na nyota. Vitovu vyake vimepishana mita 340 hivi.

Na timazi nayo ina tabia. Sisi tunasema timazi inaelekea katikati ya dunia. Inaelekea inakovutwa! Mfaransa Bouguer alijaribu kulionyesha hilo kule kwenye mlima Chimborazo, Ekuado, mwaka 1738, na Mwingereza Maskelyne akalipima vizuri kwenye mlima wa Schiehallion, Uskoti, mwaka 1774: mlima unaivuta timazi upande wake. Kidogo mno, sekunde chache za pembe. Lakini sekunde 10 za pembe juu ya ardhi ni mita 300. Ukisoma latitudo kwa nyota upande wa kusini wa mlima mkubwa na upande wa kaskazini, kisha ukapima umbali kati ya hapo kwa pembetatu, majibu hayalingani. Mlima umekudanganya na kila chombo chako kiko sawa.

Kwa hiyo kwenye UTM ya ukanda wetu wa 37, nukta ileile ikiandikwa kwa Arc 1960 na ikiandikwa kwa WGS84, inapishana karibu mita 300 kaskazini-kusini na karibu 90 mashariki-magharibi. Kijana wa Dakawa aliiingiza namba ya Clarke kwenye chombo kinachofikiri kwa WGS84. Chombo kikamtii.

Nahodha Mstaafu #9

Bwana wee, umenikumbusha baharini. Sisi Unguja wazee wetu walikwenda Maskati na Malabari kwa Jaa, hiyo nyota ya kaskazini. Walikuwa na kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, unauma uzi kwa meno, unaangalia Jaa imesimama vidole vingapi juu ya maji. Ikifika vidole vya bandari yako unageuza jahazi mashariki au magharibi tu mpaka unafika. Latitudo hiyo, hawakuiita hivyo. Lakini ukiteremka huku kwetu Jaa inazama, huioni tena. Nyie wapima wa bara mnatumia nini kusini?

Mzee Vigingi #10

Shekhe, swali tamu sana hilo. Kusini hatuna Jaa. Kuna nyota moja karibu na ncha ya kusini, Sigma ya Oktansi, lakini ni hafifu mno, kuipata kwenye darubini usiku wenye ukungu ni kumtafuta paka mweusi jikoni umeme umekatika. Na huku ncha yenyewe iko chini karibu na upeo wa macho, imezama kwenye vumbi na moshi wa mashamba.

Basi tunageuza hasara kuwa faida. Karibu na ikweta nyota za mashariki zinapanda wima, kama mtu anayepanda mnazi. Zinapanda juu lakini upande wake, yaani azimuthi, haubadiliki sana. Kwa latitudo ya nyuzi 6, nyota iliyo mashariki kamili inabadilisha azimuthi sekunde moja na nusu hivi ya pembe kwa kila sekunde ya saa. Kwa hiyo hata saa yako ikikosea kidogo, mwelekeo wako uko salama. Unachukua nyota moja mashariki, nyingine magharibi kwa kimo kilekile, na kosa la hewa kupindisha mwanga linajifuta lenyewe kwa sehemu kubwa.

Kwa kazi za kawaida tunatumia jua. Kimo cha jua asubuhi au jioni, almanaki, hesabu ya pembetatu ya mpira, unapata kaskazini ya kweli ndani ya nusu dakika ya pembe. Lakini ONYO, na hili naliandika kwa herufi kubwa: USIANGALIE JUA KWENYE DARUBINI. Jicho litakwenda siku hiyo hiyo. Shika karatasi nyeupe nyuma ya jicho la darubini, taswira ya jua inaangukia pale na nyuzi za msalaba zinaonekana wazi.

Droni Moja #11

Mzee nakuheshimu, ila hii ni makumbusho. Mimi nina droni yenye RTK, GPS inayojisahihisha papo hapo. Narusha dakika 25, programu inashona picha usiku, asubuhi nina ramani ya sentimita tatu. Nyota za nini?

Mzee Vigingi #12

Dogo, droni naipenda, mwanangu anayo. Wazanzibari walianza mwaka 2016 kuvipiga picha visiwa vyao vyote kwa droni, wakitumia vijana wa SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar, na ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini usidhani fotogrametria, yaani kupima kwa picha, ilizaliwa na wewe.

Baada ya vita kuu ya pili, ndege za skwadroni ya 82 ya jeshi la anga la Uingereza zilipita juu ya Afrika kupiga picha, mistari sambamba, kwa ajili ya idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa mwaka 1946, mkuu wake huyohuyo Hotine. Picha ilikuwa ya sentimita 23 kwa 23. Kamera ya lenzi ya milimita 152, ndege ikiwa mita 3,800 juu ya ardhi, inakupa skeli ya 1:25,000, kwa sababu skeli ni urefu wa lenzi gawanya kwa kimo, basi. Picha moja inameza kilomita 5.75 kila upande. Inayofuata inapigwa kabla ile ya kwanza haijaisha, ili zipandane asilimia 60. Ukiziweka mbili kwenye mashine ya macho mawili, nchi inasimama. Vilima vinainuka mezani! Opereta anatembeza nukta ya mwanga juu ya mteremko kwa mikono na mguu, akichora kontua, mistari ya kimo sawa. Ramani zetu za 1:50,000, zile za Y742, nyingi zilizaliwa hivyo. Nimewahi kukaa kwenye mashine ile saa sita mfululizo. Ukitoka nje, ardhi ya kawaida inaonekana bapa kama chapati.

Sasa jambo lililowatesa wao linakutesa na wewe. Picha si ramani. Kilima kwenye picha kinalala kwa nje, kikikimbia mbali na katikati ya picha. Kwa picha niliyoitaja, kilele cha mita 100 kilicho milimita 90 kutoka katikati kinahama zaidi ya milimita mbili kwenye picha, na hizo ni karibu mita 60 ardhini. Programu yako inalirekebisha hilo kwa sababu imejenga umbo la ardhi kwanza. Ikijenga umbo baya, inakurekebishia vibaya na inakupa picha nzuri ya kupendeza. Ukirusha picha za kuangalia chini tu, bila alama za udhibiti ardhini, kamera isiyopimwa vizuri inakupa uwanja wa mpira uliobonyea kama bakuli.

Na RTK yako inapata masahihisho kutoka kwenye besi, kile kipokezi unachokisimamisha ardhini. Besi umeiweka wapi? Umeipa koordineti gani? Kama ulibonyeza "hapa nilipo" ikajichukulia yenyewe, sentimita zako tatu ni za kweli zikilinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Shamba zima linaweza kuwa limehama mita mbili na ripoti yako bado inaandika sentimita tatu.

Droni Moja #13

...nilibonyeza hapo.

Mzee Vigingi #14

Wengi wanabonyeza. Tafuta nguzo ya TAREF11, mfumo rasmi wa koordineti wa Tanzania, iliyo karibu, anza upya. Picha hazihitaji kupigwa tena kama alama ulizipaka chini na bado zipo.

Mchaga Asili #15

Mkuu na Kilimanjaro je? Shuleni tulisoma 5,895. Juzi naona mtu kaandika 5,892, mwingine 5,899. Mlima wetu unakua?

Mzee Vigingi #16

Mlima umetulia, mizani ndiyo inabadilika. 5,895 ni ya mwaka 1952, kwa pembe za wima kutoka chini, yale yale ya vilima. Mwaka 1999 walipanda na GPS wakapata 5,892. Mwaka 2008, 5,891. Mwaka 2014, 5,899.

Tatizo ni neno "juu ya usawa wa bahari". Bahari iko wapi chini ya Kibo? GPS haiijui bahari, inajua elipsoidi. Simama Coco Beach miguu kwenye maji, GPS isiyorekebishwa itakuambia uko zaidi ya mita 20 chini. Ili upate kimo cha watu unahitaji jeoidi, yaani bahari ingekuwa wapi kama ungeichimbia mfereji hadi chini ya mlima. Na jeoidi inategemea mvutano, na mlima mkubwa unaivuta. Timazi ileile ya Maskelyne. Kwamba watu wa 1952, kwa kusoma pembe tu, wapo ndani ya mita nne na setilaiti, mimi huwavulia kofia.

Binti Latitudo #17

Mzee samahani kufufua uzi, zimepita siku nane. Nilijaribu ile ya jua. Tuna nguzo mbili chuoni zenye azimuthi inayojulikana. Nimetumia karatasi, sikuangalia jua. Uso wa kushoto na uso wa kulia, yaani kusoma mara mbili kwa kugeuza darubini, nimefanya. Nimetoa na tofauti ya kaskazini ya gridi (mistari ya ramani) na ya kweli, kwa hapa ni dakika tisa na kitu. Nimehesabu mara tatu. Bado nakosa nyuzi 0 dakika 17. Nimekata tamaa kidogo.

Mzee Vigingi #18

Usikate tamaa, kosa lako ni zuri sana. Jua lilikuwa kimo gani?

Binti Latitudo #19

Kama nyuzi 20, jioni.

Mzee Vigingi #20

Nusu ya upana wa jua ni dakika 16 za pembe. Gawanya kwa kosaini ya 20. Unapata ngapi?

Binti Latitudo #21

17.

Jamani. Nililenga ukingo wa kulia nyuso zote mbili.

Mzee Vigingi #22

Ukingo wa kulia uso mmoja, wa kushoto uso wa pili. Rudi kesho jioni, na mwambie mwenzako asome saa kwa sauti.

Binti Latitudo #23

Tumerudia. Tofauti ni sekunde 25 za pembe, na theodolaiti yenyewe inasoma 20. Mwenzangu aliyesoma saa amenipiga picha na karatasi ina kiduara cha jua katikati ya msalaba, nimeibandika mlangoni.